ProSeal au i-gel kwa upasuaji wa matundu? Naagiza wiki hii

Kasa_Malindi:
Salaam wakuu. Hapa Malindi tunaanza upasuaji wa tumbo kwa matundu madogo na kamera, nami natakiwa nitoe oda ya vifaa vya njia ya hewa, vile vya kukaa kooni mgonjwa akiwa usingizini, kabla ya Ijumaa. Nimebaki na viwili: ProSeal ya kutakasa kwa mvuke na kurudia, au i-gel ya kutumia mara moja. Bajeti haibebi vyote. Mngechukua ipi?

Mwana_wa_Amu:
Upasuaji gani? Nyongo, kidole tumbo, kufunga uzazi? Analazwa kichwa chini? Otoklevu yenu, mashine ya kutakasa kwa mvuke, inafika nyuzi 134? Bila hayo tunapiga ramli.

Tabibu_Usingizi:
i-gel tu. Haina kafu, yaani puto la kujaza upepo. Paka jeli, ingiza, basi. Namba 4 inapitisha mpira wa kutoa maji ya tumbo, saizi 12. Usiku niko na nesi mmoja, sitaki kifaa cha kushikana nacho.

Bahari_Kuu:
Mimi ProSeal. Gesi ikijazwa tumboni hadi milimita 12 au 15 za zebaki, kiwambo, msuli wa kupumulia, kinapanda na mashine ya kupumulia inalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. ProSeal huziba mpaka karibu sentimita 30 za maji. LMA ya kwanza, barakoa ya kooni ya Dakt. Archie Brain, huanza kuvuja karibu na 20. Mpira wa tumbo wa 16 unapita. Na unairudia mara 40.

Bi_Nusukaputi:
Wanangu, nisikilizeni. Kituo nilichokuwa zamani tulimwekea mama wa kufunga uzazi LMA ya kawaida, isiyo na tundu la tumbo. "Dakika 20 tu," nikaambiwa, nikakubali. Kichwa chini, gesi ikaingia, nikasikia mlio shingoni kama soda inayofunguliwa polepole. Nikaongeza upepo kwenye kafu, na hapo ndipo nilipokosea: kafu ikijaa kupita kiasi huvuja zaidi. Daktari akalalamika tumbo la chakula limevimba, haoni. Mara maji ya kijani yakapanda ndani ya mpira wa LMA. Tukatoa gesi, nikamlaza ubavu, nikafyonza, nikaweka tyubu inayoingia hadi kwenye bomba la hewa. Siku tatu kwenye oksijeni. Alipozinduka ndipo aliposema alitafuna muguka, majani ya jamii ya miraa, alfajiri. Mimi nilimuuliza chakula na maji tu.

Tabibu_Usingizi:
Muguka nao huhesabiwa?

Bi_Nusukaputi:
Sana. Unachelewesha tumbo kumwagika. Uuliziwe kwa jina lake, maana mtu hauoni kuwa ni chakula.

Kasa_Malindi:
Samahani kwa kukawia. Wengi ni nyongo, kichwa juu, na kidole tumbo mara mojamoja. Otoklevu ipo, ila umeme ukikatika mzunguko unaishia njiani.

Mwana_wa_Amu:
Kidole tumbo cha dharura ni tyubu, hilo halina mjadala. Hata nyongo mimi naweka tyubu.

Bahari_Kuu:
Kama otoklevu haimalizi mzunguko, ProSeal siwezi kuipigania sana.

Tabibu_Usingizi:
Usiagize namba 4 peke yake. Namba 3 ni mgonjwa wa kilo 30 hadi 60, namba 4 kilo 50 hadi 90, namba 5 zaidi ya hapo.

Kasa_Malindi:
Mzani wetu umeharibika, tunakadiria kwa macho.

Bi_Nusukaputi:
Mama kaja na leso mbili na buibui, macho yatakwambia nini? Tia mzani kwenye oda hiyohiyo.

Kasa_Malindi:
Nimeuandika. Muguka nimeongeza kwenye karatasi ya maswali. Mwenye ProSeal namba 3, imemdumu muda gani?