Mrejesho: ile muvi bubu ya yule dada tajiri mwendokasi nimeipata

Wakuu habari, nilikuja kuulizia muvi ya zamani isiyo na sauti, kuna dada wa kitajiri anapenda raha na gari mbio halafu trafiki wa pikipiki anakufa. Asanteni sana, ni Manslaughter ya 1922, ya dairekta Cecil B. DeMille, dada kaigizwa na Leatrice Joy.

Mlioniambia nitafute jina pamoja na mwaka mlikuwa sahihi, maana mwanzo sikusikia nikashusha ya 1930, naona watu wanaongea, bando langu likaenda hivyohivyo 😅

Ile sini anazungusha gari katikati ya barabara na pikipiki inakuja kujibamiza ubavuni nimeirudia mara tatu. Na mwendesha mashtaka anayempeleka jela ndiye huyohuyo anayempenda, halafu yeye ndo anaishia kwenye pombe! Ile karamu ya Warumi waliyochomeka katikati mi naona wamezidisha ila poa.

Ushauri wa kuweka sabtaito (tafsiri ya chini) ya Kiswahili umegoma, sijapata, maandishi ya muvi yenyewe yanapita fasta nikawa napozi kila saa. Kopi yenyewe ina ukungu, mwenye safi anishtue.