Mke wangu alinyanyaswa utotoni, hizi hali za sasa zinaweza kuwa zimetokana na hayo?

Mkazi wa Kinyerezi

Habari za jioni wakuu. Natumia ID mpya maana ile nyingine watu wananijua.

Nina mke na mtoto mmoja wa kike, ameanza darasa la kwanza mwaka huu. Mke wangu alikuwa mchangamfu tu, ana genge lake, kikoba cha mtaa yeye ndo mweka hazina. Tangu mtoto aanze shule mambo yamebadilika kabisa, usiku halali anaamka kuhakikisha mlango wa mtoto umefungwa, ukipita nyuma yake jikoni anaruka, konda wa gari la shule hataki hata amshike mtoto mkono kumpandisha. Sa ingine moyo unamwenda mbio, mikono inakufa ganzi, anasema anakufa, tunakimbia hospitali wanapima presha na malaria na moyo wanasema hana kitu. Kuna siku analala tu mchana kutwa genge limefungwa.

Juzi ndo akafunguka. Alivyokuwa mdogo alipelekwa kukaa kwa ndugu huku mjini ili asome, akawa anapigwa sana, na kuna mtu mzima kwenye ile nyumba alikuwa anamfanyia vitu vibaya, na yeye alikuwa na umri kama wa huyu mwanetu. Alipomwambia mama mwenye nyumba akaambiwa ni muongo anataka kuvunja ndoa za watu.

Swali langu, kitu cha miaka zaidi ya ishirini kinaweza kuleta ugonjwa leo? Mama mkwe (hiyo stori haijui) anasema ni majini ya ukoo, anataka tumpeleke Bagamoyo kwa mtaalamu wake. Hapa kichwa kimegoma kwa kweli.

Mzee wa Fimbo

Mkuu hizo depresheni ni za watu wa Masaki. Sisi tumechapwa fimbo za mpera na tupo fiti. Mpandishe boti mwende Zanzibar wikiendi moja atakaa sawa.

Nesi wa Zamani

Mzee wa Fimbo soma alichoandika mwenzio kwanza ndo ujibu. Mtoto wa darasa la kwanza kafanyiwa uchafu na mtu mzima, wewe unatuletea mpera.

Kaka pole, na pole nyingi kwa shem. Nimefanya kazi kitengo cha afya ya akili kwa hiyo nakujibu kwa nilichokiona na nilichosoma. Ndiyo, inaweza. Mwaka 1998 Marekani ulitoka utafiti wa kina Felitti na Anda, waliwauliza watu wazima zaidi ya 9,000 kule San Diego walipitia nini kabla ya miaka 18, kupigwa, kudhalilishwa kingono, kuona mama anapigwa, kukaa na mlevi na kadhalika. Waliopitia mambo manne au zaidi, hatari ya ulevi, sonona (ndo hiyo depresheni) na kujaribu kujiua ilikuwa juu mara 4 mpaka 12 ukiwalinganisha na ambao hawakupitia hata moja. Halafu mwaka 2000 Christine Heim na wenzake wakachukua wanawake 49, wengine walinyanyaswa utotoni wengine hapana, wakawaambia waongee mbele za watu na wapige hesabu za kichwa huku wanapimwa damu. Wale walionyanyaswa na sasa wana sonona, homoni inayotoka kwenye ubongo kuamsha mwili ujihami ilipanda zaidi ya mara 6 kuliko wa kawaida. Hesabu tu jamani, hakuna hata mtu wa kuwagusa.

Maana yake mtoto akikulia kwenye nyumba ambayo hatari inalala humohumo ndani, mwili unajifunza kukaa macho muda wote, na ukishajifunza hauachi eti kwa sababu ameolewa na ana amani. Ni kama alamu ya gari iliyosetiwa kali, paka akipita tu inalia mtaa mzima. Na hiyo ya kuanza mwanenu alipofika umri uleule tuliiona sana, mama anakaa miaka hana shida, siku mtoto wake anavaa yunifomu kila kitu kinarudi.

Siyo kila aliyepitia anaumwa, wengi tu wanaishi vizuri, inategemea ilidumu muda gani, nani alifanya, na ALIPOSEMA ALIAMINIWA? Hapo kwenye kuitwa muongo ndo mimi naona paliumiza mara mbili.

Cha kufanya: hospitali za rufaa za mkoa, Temeke, Amana, Mwananyamala, wana kliniki ya afya ya akili, na Muhimbili ipo idara nzima. Waombe pia wacheki damu na tezi ya shingo, zikisumbua nazo moyo unakimbia. Tiba kubwa ni mazungumzo na mtaalamu anayejua mambo ya kiwewe, dawa anaweza kuongezewa, zinachukua wiki kadhaa kuonekana kwa hiyo asiziache siku ya tatu. Na muulize wazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpi hilo wazo, watu wanaogopa bure. Akisema ndiyo usimwache peke yake, nendeni hospitali siku hiyohiyo.

Binti Kigamboni

Mimi nimepitia, sitaeleza. Shem wangu usimhoji. Usimuulize ilikuwaje, mara ngapi, kwa nini hukupiga kelele, sijui kwa nini hukuniambia kabla ya ndoa. Hilo la mwisho likikutoka tu hatakwambia kitu tena mpaka anazikwa. Mwambie nakuamini, halafu nyamaza. Na chumbani akikataa usinune, akikataa leo siyo kwamba kakukataa wewe.

Na msijione peke yenu, utafiti wa serikali na UNICEF na Muhimbili wa 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 nchini walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na wavulana karibu 1 kati ya 7. Kwa hiyo kwenye daladala ya Mbagala asubuhi umebanana nao wengi tu, wamebeba vikapu vyao wanaenda kazini.

Mkazi wa Kinyerezi

Asanteni sana, nimesoma mara mbili mbili. Nesi, kujiua nimemuuliza jana, amesema hapana ila anatamani alale asiamke. Sijui niichukuliaje. Pia huyo mtu bado yupo hai, tunakutana naye kwenye misiba na harusi za upande wao, watu wanampa kiti cha mbele. Natamani nimfuate.

Nesi wa Zamani

Hiyo ya kutamani asiamke usisubiri, kesho asubuhi muwe hospitali. Anzeni mapokezi kama wagonjwa wengine, ila kwa daktari yaseme yote pamoja na hiyo kauli, mkisema "presha na kukosa usingizi" tu mtarudishwa na panadol.

Huyo mtu usimfuate. Ukimpiga unalala sero wewe, siri inatoka kabla mwenyewe hajawa tayari, na kikao cha ukoo kitakaa kuongelea ngumi zako. Kushtaki aamue shem, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Lakini kama kwenye ile nyumba sasa hivi kuna watoto wanaishi hilo halisubiri mtu apone, piga 116, ni simu ya kuripoti ukatili kwa watoto, ni bure.

Mtumzima Magomeni

Kwa mama mkwe usimpinge mbele za watu. Mwambie mama, dua tutasoma nyumbani, hospitali tunaenda kesho. Mimi ni mtu wa msikitini na shehe wetu mwenyewe aliniambia mgonjwa mpeleke akatibiwe. Hao wataalamu wa kumfungia mtu ndani na kumchapa ili jini litoke, huyu alishapigwa sana utotoni, usimpeleke tena.

Mkazi wa Kinyerezi

Sawa wazee. Amekubali, tunaenda Amana saa moja asubuhi, mtoto atachukuliwa na dada yangu shuleni. Swali la mwisho, niingie naye kwa daktari au nibaki nje?

Binti Kigamboni

Muulize yeye. Akisema baki nje, baki nje na simu iwe na chaji.