Wewe wa V8 nyeupe, "mlemavu wa haraka" ndiyo nini?

Msumari_wa_Kampala (mwenye uzi)

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Ile V8 nyeupe yenye vioo vyeusi kama sufuria ya kuni, ile inayopanda njia ya waenda kwa miguu foleni ya Wandegeya ikikaza. Leo saa nne asubuhi imeingia kwenye maegesho ya yale maduka, ikapita nafasi kumi na moja tupu, ikaenda kujilaza kando ya nafasi ya walemavu: tairi za kushoto juu ya michirizi ya njano, za kulia kwenye nafasi ya jirani. Ndani ya nafasi yenyewe kulikuwa na gari dogo la mama mmoja anayetumia kiti cha magurudumu. Mama ametoka dukani, mfuko uko mapajani, anakuta ukuta mweupe umesimama kati yake na mlango wa dereva. Akamwomba yule bwana asogeze. Bwana akajibu mbele ya watu, funguo anazizungusha kidoleni: "Nnyabo, hata mimi ni mlemavu. Mlemavu wa haraka."

Mlemavu wa haraka!

Kisha akapanda ngazi mbili mbili. Swala wa Kidepo wangekaa chini wajifunze.

Kuna watakaosema hakuingia kwenye nafasi, alisimama kando tu. Banange, ile michirizi ni mlango! Nafasi ya kawaida ina upana wa mita 2.4 hivi. Gari dogo linakula 1.7 au 1.8. Zinabaki sentimita 60, yaani 30 kila upande, na mwenye miguu yake anapenya kiubavu. Kiti cha magurudumu peke yake kina sentimita 63 mpaka 70. Ndiyo maana kando huchorwa ukanda wa angalau mita 1.2, Wamarekani wanaweka 1.5. Pale kiti kinasogezwa sambamba na kiti cha dereva, mlango umefunguka mpaka mwisho, breki mbili za kiti zimefungwa, mtu anajiinua kwa mikono na kuhamia ndani. Halafu anakivunja kiti: mto kwanza, kisha magurudumu makubwa yanachomolewa kwa kubonyeza kitufe cha katikati, fremu inapitishwa juu ya kifua mpaka kiti cha abiria. Mlango ukifunguka nusu, hata hatua ya kwanza haipo. Na kwa sababu Uganda dereva anakaa kulia, michirizi ya kulia ndiyo roho ya nafasi yote. Hiyo ndiyo aliyoikalia. Mlemavu wa haraka.

Na stika anayo! Kioo cha mbele kina alama ya bluu ya kiti cha magurudumu, kona moja imeanza kubanduka. Haina jina, haina namba, haina mhuri. Ni ile ya Nasser Road, mtaa wa wachapishaji hapa Kampala, inachapishwa kabla chai haijapoa.

Askari wa getini alimpigia saluti. Saluti! Halafu akamgeukia mama: "Subiri kidogo mama, bosi hachelewi." Bosi alikaa dakika arobaini. Jua la saa nne, maziwa ndani ya mfuko. Yale maziwa yamefika nyumbani bongo, yaani yameshaganda.

Ibara ya 35 ya Katiba ya 1995 inataja heshima na utu wa watu wenye ulemavu. Sheria ya 2006 ilikuwepo, ikaja mpya ya 2020. Mtu anasimama juu ya vyote hivyo kwa tairi mbili na kusema yeye ni mlemavu wa haraka. Sijatulia mpaka sasa.

Kalerwe_Halali

Ssebo, dakika arobaini ulikuwa wapi? Umehesabu nafasi kumi na moja, umepima stika mpaka kona yake, umeonja na maziwa. Kwenda kumwita meneja ulishindwa?

Msumari_wa_Kampala

Meneja aliitwa na watu watatu. Akaja na kitabu, akaandika namba ya gari, akarudi ndani. Hakuna mnyororo wa tairi, hakuna tangazo kwenye spika. Mnataka watu wainue V8 kwa mabega? Tani mbili na nusu ile.

Nnyabo_Mbarara

"Mlemavu wa haraka" nimeisoma mara nne na kila mara naishiwa pumzi. Haraka ya dakika arobaini!

Fundi_Katwe

Kosa la kwanza ni la aliyechora. Rangi juu ya kabro haidumu: matofali yanacheza, vumbi jekundu linaingia kwenye maungio, mvua mbili tatu rangi inakwenda. Na alama ya chini hufunikwa na gari lenyewe, kwa hiyo anayekuja haioni. Inatakiwa nguzo yenye kibao, ukingo wa chini wa kibao uwe mita 1.5 kutoka ardhini ili kionekane juu ya boneti.

Na hizo koni! Askari akitaka kulinda nafasi anaweka koni katikati. Dereva mwenye ulemavu akifika, nani aiondoe? Inabidi ashuke kwenye gari ili aondoe kitu kinachomzuia kufika mahali pa kushukia. Anapiga honi mpaka betri inalia. Askari wakati huo anasindikiza bosi.

Dawa ni nguzo moja ya chuma, ya kudumu, katikati ya mdomo wa michirizi upande wa magari. Gari haliingii. Mwenye kiti anatokea upande wa mbele, penye ukingo ulioshushwa. Lakini ukingo lazima uwe umeshushwa kweli. Nguzo bila hiyo ni kumfungia mtu ndani.

Kalerwe_Halali

Nguzo ya chuma kwa yule? Ataigonga na kudai alipwe taa.

Siko_Seli_Jinja

Jamani tuweni waangalifu na hii ya "alipanda ngazi". Si kila ulemavu una magurudumu. Mwenye siko seli anaweza kutembea vizuri leo na kesho mita ishirini zikamlaza. Mwenye mguu bandia akivaa suruali humjui, na kushuka mteremko kunaweza kumsumbua kuliko kupanda. Mwenye moyo dhaifu naye utamwona mzima kabisa. Watu hawa wanafokewa kwenye maegesho kila siku na wapenda haki wenye macho makali.

Msumari_wa_Kampala

Hilo nakubali mia kwa mia. Angesema moyo, angesema goti, hakuna ambaye angefungua mdomo. Kasema HARAKA.

Siko_Seli_Jinja

Sawa, yeye kajihukumu mwenyewe. Nawasemea wengine.

Mganda_Leicester

Huku Uingereza kibali kinaitwa Blue Badge na kinamfuata mtu, hakilifuati gari. Mwenyewe akiwa dereva au abiria, kinatumika kwenye gari lolote, hata la kukodi. Mwenyewe akibaki nyumbani, mtoto wake akikiweka kwenye kioo ili akanunue mkate, ni kosa, na faini inafika pauni 1,000. Kinawekwa kwenye dashibodi upande wa picha ukitazama chini na namba juu, pamoja na saa ya karatasi ukiegesha kwenye mistari ya njano ya kukataza maegesho, mwisho ni muda wa saa tatu. Na bado watu wanatumia vya marehemu! Familia inazika, kibali kinabaki garini mpaka tarehe inaisha.

Stika ya kubandika ndiyo ugonjwa wenyewe. Ikishabandikwa gari ndilo linakuwa lemavu, atakayelinunua kesho anarithi.

Kalerwe_Halali

Basi V8 ile ni lemavu tangu Japani.

Mchora_Vibao

Ile alama ilichorwa 1968 na mwanafunzi wa Denmark, Susanne Koefoed. Mwanzoni haikuwa na kichwa, kichwa kiliongezwa baadaye. Wa V8 yeye bado anasubiri nyongeza.

Nnyabo_Mbarara

🤣🤣🤣 Mchora Vibao umemaliza kazi.

Boda_Si_Adui

Mnapigia kelele V8 moja wakati boda kumi zimelala kwenye rampu ya kila benki mjini. Wenzangu nawapenda ila hili hapana. Rampu ndiyo sehemu pekee pasipo gari, basi inageuka stendi.

Fundi_Katwe

Rampu zenyewe zipi? Nyingi ni mtego wa kuvunjia watu shingo. Kipimo ni 1 kwa 12: ukingo wa sentimita 15 unataka rampu ya mita 1.8. Ngazi tatu za sentimita 15 ni 45, rampu yake mita 5.4. Wajenzi wanamwaga zege la mita moja na nusu, wanapaka njano, wanapiga picha. Mtu anapanda, kiti kinainuka mbele, kinamlaza chali. Halafu wanaweka vigae vinavyong'aa juu yake, mvua ikinyesha ni sabuni.

Arua_Moja

1 kwa 12 bado ni kali kwa anayejisukuma mwenyewe. Rampu ndefu ifanye 1 kwa 15 au 1 kwa 20, na uweke mahali tambarare pa kupumzikia.

Fundi_Katwe

Kiwanja cha mjini utapata wapi mita tisa za rampu? Mwenye jengo atakufukuza.

Arua_Moja

Basi asianze na ngazi. Ashushe sakafu kwenye mchoro, kabla ya msingi. Hiyo haina gharama, ni akili tu.

Msumari_wa_Kampala

Jamani, turudi kwa V8. Askari alipiga SALUTI.

Mama_Nakawa

Vyoo! Mbona hakuna anayetaja vyoo? Mlango una alama ya kiti, ukifungua kuna ndoo, mafagio, na baiskeli ya askari. Ufunguo anao mtu mmoja ambaye amekwenda chakula cha mchana tangu Jumatatu. Na ukifunguliwa, mlango unasukumwa kwa ndani. Mlango wa choo kile lazima ufunguke kwa NJE. Mtu akianguka ndani akaegemea mlango, mtamtoaje? Nafasi ya kugeuza kiti ni mduara wa mita 1.5. Kwingi ukiingia unatoka kinyumenyume, kama umeingia.

Nnyabo_Mbarara

Na bakuli la choo linawekwa chini mno. Likae sentimita 45 mpaka 48, sawa na urefu wa kiti cha magurudumu. Likiwa chini kushuka ni rahisi, kurudi juu ni kupanda Rwenzori.

Kamunye_Nauli

Wenye magari yao mna bahati ya kugombania maegesho. Panda kamunye, yaani matatu, na kiti. Konda anakitazama kiti kama jeneza. "Hiki kinalipa." Kiti kinakunjwa, kinaingia nyuma ya siti ya mwisho, hakichukui nafasi ya abiria yeyote, lakini nauli mbili unatoa. Ukibisha, gari limeshaondoka.

Boda_Si_Adui

Na wakikichukua wanakitupa juu ya keria bila kukifunga vizuri. Kikianguka Mukono magurudumu ya mbele yanapinda, kuanzia hapo kinakwenda kushoto maisha yake yote.

Busia_Mpakani

Njooni Busia muone. Wenzetu wa baiskeli za mikono, zile za magurudumu matatu, ndio wanaovusha mizigo tangu zamani. Malori yanaegeshwa ukingoni mpaka njia yao inabaki upana wa mlango. Baiskeli yenye mzigo wa mahindi haina gia ya nyuma. Ikikwama, lazima apatikane wa kuivuta.

Msumari_wa_Kampala

Naelewa yote, lakini uzi huu ulikuwa wa mlemavu wa haraka.

Mama_Nakawa

Fungua wa pili, ndugu. Huu sasa ni wa vyoo.

Arua_Moja

Kitu kingine kwenye maegesho, naona Fundi hajakigusa: mteremko. Nafasi ya walemavu inatakiwa kuwa karibu tambarare, isizidi 1 kwa 48. Breki za kiti hushika magurudumu ya nyuma tu, yale madogo ya mbele yanazunguka yanavyotaka. Penye mteremko, mtu akiwa nusu hewani kiti kinajigeuza na kumkwepa. Wao huchagua kona ya chini, pale maji yanapokusanyika, kwa sababu haina wateja.

Fundi_Katwe

Na chupa. Vipande vya chupa vinafagiliwa kutoka kwenye njia ya magari mpaka kwenye michirizi kwa sababu "haipiti gari". Tairi ya kiti ni nyembamba, pancha mara moja.

Kamunye_Nauli

Hapo umegusa penyewe. Tairi za kiti mnapata wapi? Za baiskeli ya inchi 24 zinakataa.

Fundi_Katwe

Soma ubavuni. Kiti cha hospitali kina 24 x 1 3/8, na namba ndogo 37-540; hiyo 540 ni kipenyo cha rimu kwa milimita. Baiskeli ya mlima ya inchi 24 ni 507. Zote zinaitwa 24, ila rimu zinatofautiana milimita 33, hata ukitumia vijiko vitatu vya kufungulia tairi haiingii. Tyubu ya dharura unaweza kuilazimisha kwa sababu inanyumbulika. Tairi haidanganywi.

Busia_Mpakani

Na za mpira mtupu, zisizo na upepo?

Fundi_Katwe

Hazipati pancha, ila ni nzito na kwenye murramu zinapeleka mtikisiko wote mgongoni. Mwenye jeraha la uti wa mgongo asizitumie barabara mbaya. Kwa lami na ndani ya nyumba ni nzuri.

Kamunye_Nauli

Nina rimu mbili za 540, moja imepinda kidogo. Spoki 36. Inanyooka?

Fundi_Katwe

Piga picha ya pembeni, uweke hapa. Ikiwa imepinda kama yai inanyooka kwa spoki. Ikiwa imekunjika kama ganda la karanga, tupa.