Mrejesho: zile pesa za mgodi na ndugu zangu

Habari zenu wakuu. Mwaka jana niliwaomba ushauri: mimi ni mwanaapolo, yaani mchimbaji wa tanzanite, wa Mirerani, mgodi ulitema mawe, mgawo wangu ukafika milioni 140. Ndani ya miezi mitatu simu haikupumzika, mke wangu akawa hanisemeshi, na kaka yangu ananidai gari. Wengi mlinishauri nisiguse chochote hadi nikae na mke wangu.

Nilikaa naye. Siku ya kwanza alilia tu. Kumbe hakukasirikia pesa. Aliumia kusikia kiasi chenyewe kutoka kwa jirani, kwa sababu nilikuwa nimewanunulia watu bia mtaani kabla ya kumwambia yeye. Nilimwomba radhi. Hilo lilinichoma kuliko yote.

Milioni 80 tumenunua hatifungani za serikali Benki Kuu, yaani tumeikopesha serikali kwa riba. Riba inaingia kila baada ya miezi sita, ndiyo ada ya watoto. Mama nimemjengea, hilo sikulijadili na mtu.

Ndugu tuliwaita nyumbani kwa mama, tukasema wazi: ugonjwa na shule tutasaidia, mitaji basi. Shangazi alituelewa. Kaka aliondoka bila kula.

Hadi leo hapokei simu yangu. Ndiye aliyenilipia nauli ya kwanza kwenda machimboni, na kila Idi namtumia salamu kupitia watoto wake. Wiki iliyopita mdogo wao alinijibu kwamba baba ameuliza kama bado nashuka shimoni.