Tupeane uzoefu: ulifundwaje ukatekista, na nani anakutegemeza?

Mwanzisha mada
Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu makatekista, naomba tupeane uzoefu juu ya malezi yetu. Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko, kwa barua yake Antiquum Ministerium, aliiweka rasmi huduma ya katekista mlei, yaani mwalimu wa dini asiye padre wala mtawa, katika Kanisa zima, akataka wanaoipokea wawe wamelelewa vya kutosha katika Biblia, teolojia, uchungaji na ufundishaji. Vigangoni kwetu, ambako padre hufika kwa zamu, katekista ndiye anayeongoza Ibada ya Neno, anayewaandaa wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa) na anayetembelea wagonjwa, lakini wengi tumekabidhiwa kazi hiyo baada ya semina fupi tu. Naomba kila mmoja aeleze kitu kilichomjenga kweli, kwa mifano ambayo wengine wanaweza kuiiga.

Katekista wa kigango, Rukwa
Milele, amina. Mimi nilisoma chuo cha makatekista pamoja na mke wangu, kwa sababu chuo kilipokea familia, na wake zetu nao walifundishwa. Asubuhi tulikuwa darasani, jioni shambani, maana chakula chetu kilitoka humo. Nakishukuru chuo kile, ila lililonikomaza hasa ni utaratibu wa paroko wetu baada ya kurudi. Kila mwezi alitukutanisha makatekista wa vigango vyote, mmoja wetu akafundisha mbele ya wenzake somo alilokusudia kuwapa watoto, nasi tukamsahihisha kwa upole: hapa umetumia neno ambalo mtoto wa darasa la tatu halijui, pale umeeleza Utatu Mtakatifu kwa mfano unaopotosha. Padre mwenyewe alikaa kwenye benchi na kusikiliza mpaka mwisho, kisha akatufafanulia mafundisho ya Kanisa yalivyo. Semina humpa mtu maarifa, lakini bila mikutano ya namna ile ningeendelea kukaririsha maswali na majibu kama nilivyokaririshwa utotoni.

Mwalimu wa Komunyo ya Kwanza, Dar es Salaam
Kwetu mjini shida si umbali, ni wingi wa watoto. Nilipoanza niliwekwa chini ya mama mmoja mzoefu, na kwa mwaka mzima wa mafundisho sikuachiwa darasa peke yangu. Somo la Ubatizo alilifanyia kwenye kisima cha ubatizo, watoto wakagusa maji, wakaona mshumaa wa Pasaka, kila mmoja akatamka jina lake la ubatizo, na hapo ndipo mama yule akafungua Katekisimu. Kuanzia hapo sijafundisha sakramenti bila kwanza kuwapeleka watoto kanisani. Vijana wanaotusaidia nasi tunawapanga wawili wawili, mzoefu na mgeni, kama makatekista Wenyeheri Daudi Okelo na Jildo Irwa wa Uganda, ambapo Jildo alikwenda Paimol kuwa msaidizi wa Daudi, na wote wawili wakauawa huko mwaka 1918 wakiwa bado vijana sana.

Katekista, Kitui
Naongeza jambo ambalo wengi huona haya kulitaja. Kanuni ya 231 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inawatambulia walei waliojitoa kwa huduma maalumu ya Kanisa haki ya malipo yanayofaa, ili waweze kujitunza wao na familia zao, pamoja na huduma za afya. Halmashauri ya parokia yetu iliisoma kanuni hiyo kikaoni, na jumuiya ndogo ndogo zikakubali kuchangia posho ya makatekista na bima ya afya. Posho si kubwa. Hata hivyo, katekista ambaye mtoto wake anatibiwa bila kukopa huandaa somo lake kwa utulivu, na hakuna aliyeacha huduma tangu tulipoanza.

Mwanzisha mada
Ndugu wa Kitui, michango hiyo inatunzwa na nani, na msimu wa ukame mnafanyaje?

Katekista, Kitui
Inatunzwa na mweka hazina wa parokia katika akaunti ya peke yake, na taarifa husomwa mbele ya waamini. Mvua ikikosekana, jumuiya za sokoni huzibebea zile za mashambani, na mavuno yakija wakulima huleta mahindi na pojo.