Mjadala: Land Cruiser za safari zitolewe stabilaiza, au ziachwe nayo?

Wakuu, naleta mezani jambo linalobishaniwa kila siku kwenye gereji za Arusha na kwenye maegesho ya lango la Naabi, la kuingilia Serengeti. Gari la kubeba watalii litolewe stabilaiza ya mbele, au ibaki? Wapo wanaosema ile fimbo ni mzigo tu porini, inabana magurudumu na kuwapigisha abiria vichwa kwenye vioo. Wapo wanaosema kuitoa ni kuchezea roho za watu. Mimi niko na hawa wa pili, na naongeza: ukaguzi wa magari ya utalii uitazame stabilaiza kama unavyotazama breki na tairi. Lakini wanaoitoa wana hoja, na hoja zao zinastahili kujibiwa.

Kwa asiyeifahamu, stabilaiza ni fimbo ya chuma iliyolala kwa upana chini ya gari, inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia kwa kupitia linki (viungo vifupi vya chuma) na bushi (mipira ya kuishikilia). Magurudumu yote mawili yakipanda pamoja, fimbo haina kazi. Likipanda moja na jingine likabaki chini, fimbo inajipinda, na kule kujipinda ndiko kunakozuia bodi isilale. Ugumu wake unafuata kipeo cha nne cha unene. Fimbo ya milimita 28 ni ngumu zaidi ya mara moja na nusu kuliko ya milimita 25, mengine yote yakiwa sawa. Anayeagiza fimbo nene kwa sababu tu inaonekana imara alijue hilo kwanza.

Sasa hoja ya wanaotoa. Gurudumu la mbele kushoto likitumbukia kwenye korongo, fimbo inalivuta juu wakati wewe unataka lishuke likanyage udongo. Likining'inia, linazunguka bure. Pia kwenye changarawe yenye makunyanzi, kama ile ya kutoka ukingo wa Ngorongoro kushuka kuelekea Naabi, kushoto kunapigwa kwa wakati wake na kulia kwa wakati wake, na stabilaiza inahamisha kila pigo kwenda upande wa pili. Abiria wanatikiswa shingo kutwa nzima. Haya ni kweli, na dereva anayeshinda humo hawezi kuambiwa anadeka.

Lakini tuifuate safari yenyewe. Kutoka Arusha hadi Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu na lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, ni lami. Humo ndimo mwendo unamopanda, ndimo kuna zile kona za kupanda ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu, na ndimo ng'ombe wanakatiza bila taarifa. Korongo la kulivuka kwa gia ya chini unakutana nalo mara chache kwa siku, na hapo uko mwendo wa kutembea kwa miguu. Tena Land Cruiser nyingi za safu ya 70 zina difu loki, yaani kufuli inayolazimisha gurudumu la kushoto na la kulia yazunguke pamoja. Gurudumu likining'inia, unafunga difu na gari linasonga. Ile kazi ambayo watu wanataka kuifanya kwa kutoa stabilaiza, kifaa chake kimo tayari kwenye dashibodi.

Kuna jambo ambalo silisikii likisemwa gereji, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Safu ya 70 tangu mwaka 1999 ina koili mbele na springi bapa nyuma. Springi bapa zilizoongezewa vipande kwa ajili ya mzigo ni ngumu, zinazuia kulala zenyewe. Mbele, koili ni laini, na stabilaiza ndiyo inayoleta uwiano. Ukiitoa, sehemu kubwa ya kazi ya kuzuia gari lisilale inahamia nyuma. Kwenye kona, uzito unaorushwa kwenda nje unabebwa zaidi na tairi moja ya nyuma, na hiyo ndiyo itakayoachia kwanza. Mkia unatangulia. Kwenye changarawe yenye vumbi jepesi, na abiria saba ndani, mkia ukishatangulia dereva hana nafasi kubwa ya kurekebisha. Kwa hiyo anayesema "nimeitoa na gari linaenda vizuri tu" anasema kweli kwa siku zile ambazo hajalazimika kukata usukani ghafla.

Ongeza na yale tunayowafanyia haya magari. Chesisi inarefushwa, paa linapandishwa na kufanywa la kufunguka, juu yake mizigo, halafu springi za kuinua milimita 50. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ina kipimo chepesi cha kuona gari linavyoelekea kupinduka: chukua umbali kati ya tairi ya kushoto na ya kulia, gawa kwa mara mbili ya kimo cha kitovu cha uzito. Tuseme umbali ni milimita 1,500 na kimo ni 750, unapata 1.0. Pandisha kitovu hicho milimita 50, unabaki na 0.94. Bado hujahesabu watu waliosimama kutazama simba. Stabilaiza haibadilishi namba hiyo. Inachopunguza ni kiasi cha bodi kulala na kasi yake unapokwepa, na gari lililokwisha kupandishwa linahitaji msaada huo kuliko lilivyouhitaji likitoka kiwandani.

Watu hunijibu kwamba hata watengenezaji wakubwa siku hizi wanaitenganisha. Sawa, lakini tazama wanavyofanya. Jeep Wrangler Rubicon imekuwa na swichi ya kutenganisha stabilaiza ya mbele tangu toleo la mwaka 2007. Kwenye toleo la sasa, ukivuka kama kilomita 29 kwa saa fimbo inajiunganisha yenyewe. Toyota nao wameweka swichi ya namna hiyo kwenye baadhi ya Land Cruiser 250. Nissan Patrol Y61, ambayo ndugu zetu walioko Oman na Ghuba wanaijua vizuri kwa kupanda vilima vya mchanga, kuna matoleo yake yaliyokuwa na swichi kwa stabilaiza ya nyuma. Wote hao wanaiachia fimbo kwa mwendo mdogo tu, kisha wanairudisha. Hakuna aliyeitoa akaitupa. Na mwenye Prado 150 yenye KDSS asimruhusu fundi afungue boliti tu kienyeji. Ule mfumo unaunganisha stabilaiza za mbele na nyuma kwa mafuta yenye presha, na usipofuata utaratibu wa vali zake gari linaweza kubaki limelala upande mmoja hata likiwa limeegeshwa.

Kwa nini basi zinatolewa sana? Ingia chini ya gari lililotoka mbugani uone. Shika linki kwa mkono utikise. Mpira wa bushi umekwisha, boliti inang'aa pale chuma kimesuguana na chuma, na kuzunguka kishikio kuna unga mwekundu wa kutu. Gari linagonga kila tuta. Mteja analalamika, spea haipo dukani, kesho kuna wageni uwanja wa ndege wa KIA. Fundi anafungua fimbo nzima na kelele inakwisha. Porini kunakuwa sababu ya kusema baadaye. Mimi simlaumu fundi peke yake; kampuni inayopeleka gari gereji usiku na kulitaka alfajiri imeshamchagulia jibu. Linki na bushi ni spea za kuwekwa stoo kama feni belti.

Na ile tabu ya kutikiswa shingo, mara nyingi mkosaji ni shokapu. Kwenye makunyanzi shokapu inapanda na kushuka bila kupumzika, mafuta yake yanapata moto sana na kuchanganyika na hewa, na baada ya muda ni kama haipo. Ya gesi ya naitrojeni inastahimili vizuri zaidi. Halafu springi zilingane na mzigo halisi. Springi ya kubeba kilo 500 muda wote ikipewa gari linalotembea nusu tupu, gari litaruka na shokapu itakufa mapema. Old Man Emu, Ironman na Dobinsons, zote za Australia, huuza springi za aina moja ya gari kwa viwango tofauti vya mzigo, na muuzaji mzuri atakuuliza uzito kabla hajakutajia bei. Pima gari likiwa na mafuta, abiria na mabegi. Kisha shusha upepo wa tairi ukiingia kwenye vumbi. Mambo haya matatu yatampumzisha abiria kuliko kutoa stabilaiza, na kona za Mto wa Mbu zitabaki salama.

Kuhusu ukaguzi, najua hofu iliyopo: askari atapata kisingizio kingine cha kusimamisha magari. Ndiyo maana sipendekezi jambo hili liwe la barabarani. Liwe sehemu ya ukaguzi wa mwaka, kwa orodha fupi iliyoandikwa: fimbo ipo, linki hazichezi, kimo cha gari hakijazidi kiasi kilichowekwa. Anayetaka ya kutenganisha kwa mkono aruhusiwe, ilimradi aonyeshe inaunganishwa kabla ya kurudi lami.

Waliokwisha kuitoa, naomba mtuambie mna shokapu gani, springi za mzigo gani, na gari likiwa limejaa mnakwendaje kwenye zile kona. Mafundi mtuambie linki zinadumu muda gani kwa gari la Serengeti kila wiki. Na mwenye hoja kwamba ukaguzi wa namna hii utawaumiza wenye gari moja moja, ailete hapa, kwa sababu hiyo ndiyo hoja ambayo bado sijaipatia jibu la kuniridhisha.