Vumbi la mkaa: vidonge vinapukutika

Mama wa Ujiji: Wakuu, gunia la mkaa likiisha linabaki vumbi ndoo nzima. Bajeti imebana, kulimwaga ni kutupa hela. Nikikanda kwa maji na kuanika, vidonge vinapukutika. Kinakosekana nini?

Fundi wa Gungu: Gundi, dada. Chekecha kwanza mchanga utoke. Kwa vumbi kilo 5, pika uji wa unga wa muhogo gramu 400 kwa maji lita 3. Koroga unga kwa maji baridi kwanza, usipate madonge. Mimina uji ungali vuguvugu, kidogo kidogo; ukifinya, donge lishikamane bila kuchuruzika. Shindilia kwenye kopo lililotolewa kitako, sukuma litoke.

Ipuli, Tabora: Wengi huharibu kwenye kukausha. Siku ya kwanza kivulini, maana jua kali hukausha nje kabla ya ndani na donge linapasuka. Kisha juani siku 4 hadi 6. Likiwa bichi katikati litafuka moshi. Udongo wa kichuguu nao unashika, ila ukizidi majivu yanaziba jiko.

Mama wa Ujiji: Madonge hayo ya vumbi yanawaka haraka?

Fundi wa Gungu: Hapana. Washa mkaa wa kawaida, uyaweke juu. Yanafaa kwa maharage. Pikia nje: hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki.